Injinia wa Mafuta Mazito

Ukimkaribisha Injinia chai, kwanza ataikagua meza. Ataangalia birika limekaa wapi, mpini umeelekea wapi, mtoto gani yuko karibu, kisha atalisogeza kidogo kwa ndani, ndipo aseme bismillahi. Mwanzo nilikuwa naudhika. Nyumba yangu, meza yangu, birika langu, wewe nani? Siku moja nikamwambia, "Injinia, hapa wamekunywa chai watu chungu nzima na hakuna aliyebabuka."

"Bado, Mama Zuhura," akanijibu, akachukua na andazi la pili.

Tulikaa jengo moja Kilburn, London, miaka mingi, wao juu, sisi chini. Jina analo, tena zuri, lakini hakuna aliyelitumia. Mkewe mwenyewe, Bi Salma, alimwita Injinia hata wakigombana. Wao watu wa Mombasa, mimi wa Tanga, kwa hiyo kila mmoja aliamini Kiswahili cha mwenzake kina walakini, na tukaishi vizuri hivyo hivyo. Kazaliwa mwaka gani, babu yake nani, hayo kaulizeni kwingine. Mimi nasema niliyoyaona na niliyoyasikia, mengine kupitia dari, maana nyumba zile mtu akipiga chafya juu, wa chini unamwombea rehema.

Kazi yake ilikuwa kuchora mabomba. Si haya ya jikoni, ambayo yakivuja unaweka ndoo na kumpigia simu mwenye nyumba. Yeye alichora ya viwanda vya mafuta, katika ofisi moja kubwa mjini, na tena si mafuta yoyote. Mafuta mazito. Alinieleza kwamba huko Kanada kuna mafuta yamo ndani ya mchanga, meusi tii, yameganda kama lami ya barabarani. Wanayachimba kwa makoleo yanayoweza kulibeba jengo letu na sisi ndani, wanayaosha kwa maji ya moto, na wakishayapata bado hawajapata kitu. Kwenye bomba hayapiti. Na viwanda vingi vya kusafishia mafuta haviyawezi, havikujengewa uzito ule. Kwa hiyo lazima kiwepo kiwanda cha katikati, cha kuyalainisha kwanza, ndipo yaende kusafishwa kama mafuta ya watu wengine.

"Yanalainishwaje?" nikamuuliza. Nilikuwa jikoni, nimebandika wali.

Akaingia, akalitazama sufuria langu. "Hivi hivi. Unayapika. Moto mkali kabisa, mpaka yavunjike. Yaliyo mepesi yanapanda juu kama mvuke, unayakamata, ndiyo faida yako. Mazito yanabaki chini, yanakuwa ukoko. Halafu unaukwangua."

"Ukoko?"

"Ukoko mweusi, mnara mzima umejaa. Wanaukata kwa maji yenye nguvu ya kumpasua mtu."

"Na nani anaula?"

Alicheka mpaka akashika friji. Lakini alinijibu, maana Injinia swali hakuliacha likining'inia: ukoko ule unachomwa kama makaa. Basi toka siku ile mimi, mfanyakazi wa nyumba ya wazee, nilikuwa naijua kazi ya jirani yangu kuliko shemeji zake, waliokuwa wakiwaambia watu Mombasa kwamba ana visima vya mafuta.

Sasa nije kwenye kidonda chake, maana kila mcheshi anacho. Miaka yote ile ya kuchora, hakuna kiwanda chake hata kimoja kilichosimama. Wenye fedha walikuja na mbwembwe, ofisi ikajaa watu, Injinia akachora mchana kutwa mpaka macho mekundu, halafu bei ya mafuta ikaanguka duniani, nao wakakunja virago. Kiwanda kimekufa karatasini. Kikaja kingine, cha Venezuela hicho, mafuta mazito vilevile. Nacho kikafa. Kingine cha Kanada kilifika mpaka wakatengeneza mfano wake wa plastiki, minara na ngazi na mabomba ya rangi rangi, mzuri kama wa kuchezea watoto wa mfalme. Mradi ulipokufa ofisi ikasema mfano utupwe. Injinia akaubeba vipande vipande ndani ya basi, akaujenga upya sebuleni kwao. Bi Salma kwa miaka alikuwa akiufuta vumbi kwa brashi ya rangi za kucha na kulalamika, "Wanawake wenzangu wana makabati ya vyombo. Mimi nina kiwanda."

Siku moja nilimkuta amekaa mbele yake, mikono magotini. Nikamtania, "Leo umezalisha mapipa mangapi?" Hakucheka. Akasema, "Mama Zuhura, fundi wa milango anafungua mlango wake. Mshonaji anaiona kanzu yake msikitini. Mimi nataka kimoja tu. Nikione kimesimama, kimewashwa moto, kabla sijastaafu. Sitaki kingine." Nikashuka kwangu. Nikapanda baadaye na sahani ya visheti.

Hiyo ndiyo ilikuwa haja yake, na jengo zima tuliijua. Tuliombea kiwanda kama watu wanavyomwombea binti apate mchumba.

Mambo yake mengine yalikuwa kinyumenyume. Mtu anayekula kwa mafuta, gari hana. Kila mahali kwa miguu, na mvua ile ya London, mwavuli kwapani haukunjuliwi kwa sababu upepo unauvunja. Nyumbani kwake baridi, kidude cha joto kinawashwa wageni wakija. "Nishati haichezewi," anasema, na Bi Salma kajifunga mablanketi mawili kama mgonjwa. Na mafuta ya kula ndiyo kabisa: sambusa anaikamua kwa karatasi mpaka inabaki maskini wa Mungu. Viatu vyake vimepasuliwa na jua la Mombasa, anasema, na bado anavyo.

Na bei ya petroli, sasa! Mume wangu, Baba Zuhura, alikuwa anaendesha teksi. Bei ikishuka, yeye anaimba bafuni, na juu kwa Injinia kimya kama matanga. Kuna wakati mwishoni mwa miaka ya tisini ilianguka mpaka ofisi ikampumzisha Injinia na wenzake wengi, akawa anauza misumari katika duka la vifaa pale barabara kuu. Alizipanga skrubu kwa urefu na unene hata mwenye duka akawa hathubutu kuzigusa. Kisha miaka ya elfu mbili ikaingia, bei ikaanza kupanda, ikapanda, ikapanda tena. Baba Zuhura akirudi anatukana mpaka naziba watoto masikio. Injinia anashuka ngazi na boksi la peremende, anagawa.

"Kufa kufaana," mume wangu akamwambia siku moja mlangoni. "Mimi nalia, wewe unagawa peremende."

"Chukua mbili, shemeji," Injinia akasema. "Nimeitwa kazini."

Binti yangu Zuhura ndiye pekee aliyempa shida ya kweli. Alikuwa chuo kikuu, kajua kila kitu, na Kiswahili anakisikia chote ila kujibu ni kwa Kiingereza. Akamsimamisha pale ngazini akamwambia kwamba mafuta yale ya mchangani ndiyo machafu kupita yote, misitu inang'olewa, maji yanaharibiwa, na moshi unaipika dunia, na yeye Injinia anayachorea bomba. Nikataka ardhi inimeze. Mtu mzima yule! Lakini Injinia aliweka mfuko wake chini, akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza na maswali. Kisha akaniambia mimi, "Mtoto ana haki nusu. Nami nina haki nusu. Tabu ni kwamba sijajua nusu yangu ni ipi." Toka hapo wakawa marafiki wa kubishana. Injinia alikuwa akimletea makala kutoka magazeti, hata zile zinazomsuta yeye mwenyewe.

Ndiyo maana Zuhura alipochumbiwa, alitaka Injinia awe kwenye kamati ya harusi. Nikasema tumekwisha.

Maana kule ofisini kwao wana ada yao. Kabla kiwanda hakijajengwa, wanakaa chumbani siku nyingi na michoro, wanashika bomba moja moja na kuliuliza. Kilicho ndani kisipopita, itakuwaje? Kikipita kingi? Kikipita kidogo? Kikienda kinyume? Hawainuki mpaka kila bomba limejibu. Na Injinia alikuwa bingwa wa kuuliza. Basi akaileta ada ile kwenye sebule yangu, mbele ya mashoga zangu waliokuja kupanga sare.

"Tuanze na pilau," akasema. "Isipofika, itakuwaje?"

"Itafika, Injinia. Inshallah."

"Inshallah ni ya Mungu. Mimi nawauliza nyinyi. Isipofika?"

Tukafikiri. Tukasema kutakuwa na boksi za biriani za akiba kwa dada mmoja wa Hounslow. Akatikisa kichwa, akaendelea. "Ikifika kabla ya wakati? Ikizidi? Ikirudi nyuma?"

"Ebo! Pilau irudi nyuma vipi? Ina miguu?"

"Gari limefika, ukumbi umefungwa. Pilau inarudi."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga juisi. Tuliulizana maswali ya sheikh, ya gari la bibi harusi, ya mpiga kinanda, ya mashangazi wawili wasiosemeshana. Bwana harusi naye hakusalimika. "Akija mapema sana?" Injinia akauliza, tukamfukuza akale. Lakini kuhusu ukumbi hakukubali kushindwa. Akamtaka mwenye ukumbi atoe ufunguo wa pili, akampa Bi Salma, naye akaufunga kwenye pindo la leso yake.

Siku ya harusi, mlinzi wa ukumbi alifunga mlango akaenda zake, simu haipokei. Gari la pilau limesimama nje, injini inanguruma, dereva anasema ana safari nyingine Edmonton. Nami nimevaa dhahabu zangu zote nimesimama barabarani kama sanamu. Bi Salma akaja polepole, akafungua pindo. Haki ya Mungu, nilimkumbatia yule mwanamke nikamharibia wanja. Injinia alikuwa anakuja kwa miguu, alifika tumeshakaa, akaniomba ukoko wa pilau. Hakusema "niliwaambia." Kwa hilo nampa heshima zake mpaka leo, maana mimi ningesema.

Ila mtu anayejua namna zote ambazo vitu vinaharibika, naye ana adhabu yake. Injinia alikuwa hapandi ndege. Aliipanda kuja Uingereza, akaipanda tena kwenda kumzika mama yake, na aliporudi alikuwa na alama za kucha viganjani. Akasema basi, hiyo ndiyo ya mwisho. "Wewe unaona mabawa," aliniambia. "Mimi naona vifundo vya vyuma, na kila kifundo kimefungwa na mtu aliyekuwa na njaa ya chakula cha mchana." Ndugu zake walikuja London kumwona. Likizo alimpeleka Bi Salma kwa treni.

Basi Mungu si Athumani, kiwanda kikaja. Kanada hiyo hiyo, mafuta ya mchangani, na bei juu, na wenye fedha safari hii hawakukunja virago. Injinia alichora miaka, mvi zikamjaa. Kila juma tulimuuliza habari zake. Wamemwaga zege. Wamesimamisha minara. Wamefunga mabomba. Tulisema mabomba kama yetu. Halafu ikaja barua kutoka kwa kijana mmoja aliyefanya naye kazi, aliyehamia kule: mzee, tanuri linawashwa baada ya mwezi ujao, njoo uone, nimekuombea ruhusa, baadaye wageni hawaruhusiwi kupanda juu.

Nilipiga vigelegele pale pale ngazini. Bi Salma akanitazama, akasema taratibu, "Ni ndege, shoga."

Injinia alitafuta meli. Kweli nawaambieni, mtu mzima aliulizia meli za mizigo. Ipo, lakini itachelewa, na ikifika kuna safari nyingine ndefu ya treni, na moto hautamngojea. Akasema basi, kijana atampigia picha. Picha zinatosha. Alilisema hilo mara nyingi mno.

Bi Salma akatuita juu, mimi na Baba Zuhura. Chai imepikwa, kidude cha joto kimewashwa, nikajua jambo si dogo. Akamwambia mumewe, "Kaa hapo. Leo wewe ndiye unaulizwa. Ndege. Isiporuka, itakuwaje?"

Injinia akatabasamu kidogo. "Narudi nyumbani nafurahi."

"Ikichelewa?" mume wangu akadakia, kajifanya mwenyekiti.

"Nangoja. Nanywa chai yao mbaya."

"Ikitikisika?" mimi nikauliza.

"Nafumba macho. Nasoma ninachokijua."

"Ikianguka?" Baba Zuhura akasema, nikampiga teke chini ya meza.

Injinia aliangalia viganja vyake. "Ikianguka, siwezi kufanya kitu. Ndiyo tabu yake. Kila kitu kingine naweza kufunga kifundo."

Bi Salma akammiminia chai, akalisogeza birika mwenyewe. Akasema, "Umebakisha swali moja, Injinia. Usipokwenda, itakuwaje?"

Yule bwana alikaa. Chai ikapoa, ikaota utando. Nilimwona akilitafuta jibu kama anavyotafuta vitu vyote, kwa utaratibu, huku na huku, na halipatikani. Mwishowe akamwambia mkewe, "Sanduku liko wapi?"

Mume wangu alimpeleka uwanjani kwa teksi yake, bure, na petroli ile ya bei ile. Alituambia kwamba njia nzima Injinia ameshika mkanda wa gari kwa mikono miwili, na walikuwa bado barabarani.

Sikuwepo aliporudi. Sisi tulikuwa tumepata nyumba Edmonton, hii ya London, ya chini na bustani, na shughuli za kuhama unazijua. Bi Salma kwenye simu alisema tu, "Karudi mzima, ila we mwache akwambie mwenyewe." Likatoka jua la kwanza baada ya baridi ndipo nikaenda Kilburn na samaki wa kupaka wa kumpelekea Bi Salma mkononi. Nikamkuta Injinia kwenye kituo cha basi, kavaa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Akafurahi, nikafurahi, tukaulizana hali za watoto. Kisha nikamwambia, "Haya, sema. Moto uliuona?"

"Niliuona. Kuna kidirisha kidogo, unachungulia. Moto mzuri." Akafikiri. "Kusema kweli, ni moto kama moto mwingine."

Moyo ukaniuma. Baada ya miaka yote ile! Nikasema, "Ndiyo hivyo tu?"

Akavua kofia. Pale juu ya paji la uso kulikuwa na kovu, jekundu bado, na nundu chini yake.

"Yarabi! Nani kakupiga?"

"Bomba langu," akasema, na uso wake wote ukafunguka. "Kuna ngazi, ghorofa ya tatu, unatoka nje, bomba limepita chini mno. Nilichora mimi, kwa mkono wangu, na tulilikagua bomba lile mchana mzima, hakuna aliyeuliza kama mtu atapita hapo na kichwa chake! Nimelivaa kwa nguvu zote."

"Na kofia ya kazi hukuvaa?"

"Niliivua kidogo. Nilikuwa nafuta miwani. Ilikuwa na ukungu."

"Ukungu, eh?"

"Ukungu, Mama Zuhura." Akageuza uso kidogo, akaendelea. "Akaja mfanyakazi mmoja, jitu la miraba minne, akaniinua. Akaniambia, pole mzee, hapa tunajigonga wote. Tumepaka rangi ya njano, bado tunajigonga. Tungempata mpumbavu aliyelichora tungemning'iniza juu yake. Nikamwambia, ni mimi."

"Ukamwambia!"

"Nilimwambia. Alinitazama, akacheka, akawaita wenzake. Wakaja, kila mtu akanionyesha kovu lake. Makovu, Mama Zuhura! Huyu hapa, huyu pale. Tukapigana picha." Alikuwa anacheka na machozi yanamchuruzika, na safari hii hakusingizia miwani. "Bi Salma kaninunulia dawa ya kulifuta kovu, nimeificha."

Basi lake likaja, likafungua mlango, likafunga, likaondoka. Hakulitazama. Aliinamisha kichwa mbele yangu pale barabarani, mtu mzima, watu wanapita na mifuko yao.

"Gusa," akasema.

Nikagusa. Nundu ilikuwa ngumu, na ya moto.

"Bomba lipo," akasema. "Waona? Lipo kweli."